Kawia Ufike Haifai kwa Kila Ujumbe: Foleni za Mtandao na Tiba Kando ya Ziwa Nyasa

Mnamo Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, bandari ndogo ambayo leo ni Liuli, katika Wilaya ya Nyasa. Meli ya Kiingereza Gwendolen ilitokea ziwani na kuanza kufyatua mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alimfahamu vyema Rhoades, nahodha wa Gwendolen, lakini hakujua kwamba nchi zao zilikuwa zimekwisha kuingia vitani. Habari ilikuwa imemfikia mmoja na bado haijamfikia mwingine. Aliyechelewa kuipata alipoteza matumizi ya meli yake na akachukuliwa mateka.

Zaidi ya karne moja baadaye, habari katika mwambao huo huo hukawia kwa sekunde badala ya siku. Minara ya simu imesimama, barabara ya lami ya kilomita 67 imeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina vituo vya tiba vinavyotumia kompyuta na simu za kisasa kila siku. Hata hivyo, katika tiba sekunde chache si jambo dogo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na kila agizo linalosikika nusu, kila swali linalorudiwa mara tatu, hupunguza muda huo. Kwa sababu hiyo ni lazima kuuliza: mtandao unapokuwa mzito hospitalini, je, tatizo ni kasi ndogo kama inavyodhaniwa, au ni foleni isiyosimamiwa?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba, mahali ambapo mawimbi tayari yanapatikana, mara nyingi foleni ndiyo yenye lawama. Fedha inayotumika kununua kasi zaidi pasipo kusimamia foleni hununua nafuu ya muda mfupi.

Uchukuliwe mfano wa kituo cha afya kando ya ziwa. Ni usiku. Mkunga na tabibu wanazungumza kwa video na daktari bingwa aliye Songea, mwendo wa zaidi ya kilomita 160. Katika chumba cha jirani, mtumishi mwingine anatuma picha ya eksirei yenye ukubwa wa megabaiti 20 ili isomwe na mtaalamu asubuhi. Mtandao wa kituo una uwezo wa kupeleka megabiti 2 kwa sekunde. Picha peke yake ingehitaji sekunde 80 kupita, na hakuna anayelalamikia jambo hilo, kwa kuwa picha inasubiriwa asubuhi. Lakini katika sekunde hizo 80 sauti ya daktari bingwa inaanza kukatika, uso wake unaganda, na maneno ya mkunga yanamfikia yakiwa yamechelewa kiasi kwamba wote wawili wanazungumza kwa pamoja, kisha wote wawili wananyamaza. Hatimaye video inazimwa na simu ya kawaida inapigwa, bila bingwa kumwona mgonjwa.

Lililotokea ni hili. Kila taarifa inayosafiri katika intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ruta inapopokea pakiti nyingi kuliko inavyoweza kuzitoa, huziweka katika hifadhi ya muda iitwayo bafa, ambamo hupanga foleni. Bafa ni kitu cha lazima, kwa sababu pakiti hazifiki kwa utaratibu. Huja kwa mafungu, kama abiria wanaoshuka melini. Bila bafa, kila fungu lingemwagika na kupotea, na mkondo ungebaki mtupu punde baadaye. Tatizo ni ukubwa wake. Kwa miaka mingi mipangilio ya kawaida ya kompyuta za Linux iliruhusu foleni ya pakiti 1,000. Pakiti moja iliyojaa ina takriban baiti 1,500, hivyo foleni nzima ni megabaiti 1.5, sawa na megabiti 12. Katika waya wenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, foleni hiyo huisha kwa sekunde 0.12. Katika mkondo wa megabiti 2, huchukua sekunde 6. Mawimbi yakidhoofu na kasi kushuka hadi nusu megabiti, foleni ile ile huwa ya sekunde 24.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri kwamba sauti katika mazungumzo isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waelewane bila taabu. Sekunde 6 ni mara 40 ya kiwango hicho. Umbali haupaswi kusingiziwa. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata njia ya kilomita 1,500 hutumia milisekunde 7.5 tu. Dar es Salaam si mbali kwa mwanga. Kilicho mbali ni mwisho wa foleni iliyo ndani ya kisanduku kilichotundikwa ukutani mwa kituo.

Hapa methali mbili za Kiswahili husaidia kutenganisha mambo ambayo mashine imeyachanganya. Kwa picha ya eksirei, ripoti ya mwezi au nakala ya akiba ya kumbukumbu za wagonjwa, hekima ni kawia ufike: pakiti ichelewe, mradi isipotee. Kwa sauti ya daktari na mkunga, hekima ni ngoja ngoja huumiza matumbo: pakiti iliyochelewa sekunde 6 haina faida tena, na ingekuwa heri ikaachwa njiani ili ile mpya ipite. Foleni moja ndefu isiyobagua huzilazimisha pakiti zote zifuate methali ya kwanza.

Wataalamu wa tiba wana namna nyingine ya kulielewa jambo hili. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mafaili katika intaneti, haina njia ya kuona msongamano moja kwa moja. Kwa kawaida huongeza mwendo kidogo kidogo hadi pakiti moja ipotee, ndipo hupunguza. Kupotea kwa pakiti ni kama homa: si ugonjwa wenyewe, ni dalili inayomwambia mtumaji kwamba njia imejaa. Umuhimu wa dalili hiyo ulidhihirika baada ya Oktoba 1986, wakati mawasiliano kati ya Chuo Kikuu cha Berkeley na maabara jirani huko California, umbali usiozidi nusu kilomita, yaliposhuka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha mbinu zilizoifundisha TCP kupunguza mwendo kila inapopata dalili hiyo, na intaneti ikapona. Bafa kubwa kupita kiasi huificha dalili. Ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya kushusha homa pasipo kutibu malaria: kipimajoto kinaonyesha nafuu, lakini ugonjwa unaendelea ndani. Pakiti hazipotei, mtumaji anadhani njia ni nyeupe, naye anazidi kujaza.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 1985 John Nagle alikwisha kueleza kwamba mtandao wenye hifadhi isiyo na mwisho bado unaweza kusongwa. Lakini kumbukumbu za kompyuta ziliposhuka bei, watengenezaji waliongeza bafa wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu. Mwishoni mwa mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, baada ya kuchunguza uzito wa mtandao wa nyumbani kwake, aliipa hali hii jina lenye maana ya kuvimba kwa bafa. Jina hilo linawafaa madaktari, kwa kuwa uvimbe nao ni kiungo kilichojaa kisichopaswa kubaki ndani yake.

Ni ukubwa gani basi unaofaa? Jibu lenye mantiki linaonekana katika miteremko ya Mbinga yenyewe. Wamatengo wamelima kwa vizazi vingi kwa mfumo wa ngoro, mashimo yaliyopangwa mlimani ambayo hupokea maji ya mvua kubwa yasikokote udongo. Shimo la ngoro hufanya kazi yake kwa kupokea maji ya ghafla na kisha kuyaachia yanywee ardhini kabla ya mvua nyingine. Shimo lililojaa wakati wote haliwezi kupokea tone jipya, hata liwe kubwa namna gani. Kadhalika kuna foleni njema na foleni mbaya. Foleni njema huibuka pakiti zinapokuja kwa fungu na huisha punde. Foleni mbaya husimama pale pale, haipungui, wala haiongezi kasi hata kidogo; kazi yake ni kuchelewesha tu.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mbinu iitwayo CoDel, iliyochapishwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012. Mbinu hiyo haihesabu pakiti zilizomo ndani ya bafa. Hupima muda ambao kila pakiti imekaa foleni. Iwapo muda huo unazidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, ruta huanza kudondosha pakiti moja moja ili mtumaji apate dalili mapema. Mbinu dada, FQ-CoDel, iliyochapishwa rasmi katika nyaraka za kitaalamu za intaneti mnamo Januari 2018, huongeza jambo moja muhimu: hutenganisha mikondo, kila mmoja ukapata zamu yake. Sauti, ambayo ni mkondo mwembamba, haisimami tena nyuma ya picha ya eksirei. Kila hospitali inaufahamu utaratibu huu. Hakuna muuguzi anayemweka mjamzito mwenye kifafa cha mimba nyuma ya watu 40 waliokuja kuchukua majibu ya maabara, wala hakuna anayedai kwamba kurefusha benchi la kungojea ni kuongeza madaktari.

Kwa mitandao isiyo na waya suala hili ni zito zaidi, na mwambao wa Nyasa ni mahali pa kuliona. Mji wa Mbinga uko nyanda za juu, ilhali ziwa liko takriban meta 470 juu ya usawa wa bahari, chini ya miteremko mikali. Vijiji hujificha nyuma ya vilima na ghuba. Mawimbi ya redio huzuiwa na milima, hurudishwa na uso wa maji, na yale ya masafa ya juu yanayounganisha mnara na mnara hudhoofishwa na mvua kubwa. Kasi ya mkondo haitulii: alasiri tulivu ina yake, na usiku wa masika una yake. Kwa hiyo bafa iliyopimwa kwa idadi ya pakiti haiwezi kuwa sahihi kwa saa zote. Ile inayotosha mchana wa jua itakuwa kubwa mara kadhaa mvua inapoanza, yaani saa ile ile ambayo barabara za vijijini hupitika kwa shida na ushauri wa mbali huhitajiwa zaidi. Kinachopaswa kudhibitiwa ni muda wa kungoja.

Ndani ya jengo la hospitali hali ni hiyo hiyo. Simu moja iliyo wodi ya mwisho, inayopata Wi-Fi kwa shida, hutumia muda mrefu wa hewani kupeleka data kidogo, na wengine wote humngojea. Watafiti wakiongozwa na Toke Høiland-Jørgensen walionyesha mwaka 2017 kwamba kupanga upya foleni ndani ya Wi-Fi na kugawa muda wa hewani kwa haki kunaweza kupunguza ucheleweshaji kwa kiasi kikubwa sana bila kupoteza kasi. Mabadiliko hayo yaliingizwa katika Linux, ambayo huendesha ruta nyingi za bei nafuu. Kwa maneno mengine, dawa ipo, na kwa vifaa vingi gharama yake ni programu iliyosasishwa na mtu anayejua kuiwasha.

Wapo watakaopinga kwa hoja nzito. Hoja ya kwanza ni kwamba kuzungumzia milisekunde ni anasa wakati kuna vitongoji visivyo na mawimbi kabisa. Ni kweli kwamba pasipo na mnara hakuna foleni ya kusimamia, na kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya kusaidia ujenzi wa minara vijijini inapaswa kuendelea. Hata hivyo mnara mpya huongeza watumiaji, na watumiaji hujaza foleni. Kujenga mnara na kusimamia foleni ni kazi mbili zinazohitajiana.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu: bafa ikipunguzwa mno, kasi huanguka. Hili nalo ni kweli. Wi-Fi hukusanya pakiti kadhaa na kuzituma kwa pamoja, na mkondo wa simu hurudia pakiti zilizoharibika njiani. Vyote viwili vinahitaji akiba ya kutosha. Mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde wenye safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 100 unahitaji takriban kilobaiti 125 ziwe njiani ili usibaki mtupu. Anayekata bafa hadi pakiti mbili tatu kwa hasira atazifanya picha za eksirei zichukue muda mrefu zaidi. Kinachotakiwa ni mizani kati ya kasi na ucheleweshaji, na mizani hiyo hupatikana kwa foleni inayojipima yenyewe, kwa sababu hakuna namba moja inayofaa kwa kila saa.

Hoja ya tatu ni kwamba foleni kubwa mara nyingi iko katika modemu au katika mnara wa kampuni ya simu, ambako hospitali haina mamlaka. Kwa upande wa kutuma kuna njia halali ya kuihamisha. Ruta ya hospitali ikiwekewa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya mkondo, foleni hujengeka ndani ya ruta hiyo, mahali inapoweza kusimamiwa, badala ya kujengeka ndani ya modemu. Gharama yake ni kupoteza sehemu ndogo ya kasi. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi yakishuka chini ya kikomo, foleni hurudi kwenye modemu. Kwa hiyo kikomo kipangwe kwa kuzingatia kasi ya saa mbaya, wala si ile ya tangazo. Kwa upande wa kupokea, kampuni zenyewe ndizo zinazopaswa kuwajibika, na hapo mdhibiti ana nafasi yake.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanastahili kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji mradi mkubwa.

La kwanza ni kubadili kipimo. Mtandao wa kituo cha tiba upimwe mara mbili: kwanza ukiwa kimya, kisha wakati faili kubwa linatumwa, na mara zote mbili uangaliwe muda wa pakiti kwenda na kurudi. Iwapo muda unapanda kutoka milisekunde 60 hadi sekunde 2, kituo hicho kina uvimbe wa bafa, na kununua kifurushi kikubwa zaidi si tiba yake ya kwanza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo hupima ubora wa huduma za kampuni, ingewasaidia sana wananchi kwa kutangaza pia ucheleweshaji mtandao unapokuwa umelemewa, kwa kila wilaya.

La pili ni ununuzi. Halmashauri inapotangaza zabuni ya ruta za hospitali, isiandike kasi peke yake. Iandike kwamba kifaa lazima kiwe na usimamizi wa foleni wa aina ya FQ-CoDel au unaolingana nao, uwe umewashwa, na upimwe mbele ya mnunuzi kabla ya malipo.

La tatu ni watu. Maofisa TEHAMA wa halmashauri wafundishwe jambo hili, na waganga wafawidhi walielewe kwa kiasi cha kuweza kuuliza swali sahihi. Vyuo vikuu vya tiba vinavyofundisha matumizi ya tiba mtandao vina wajibu hapa. Mwanafunzi anayefundishwa kuendesha ushauri wa mbali afundishwe pia kwamba ukimya wa sekunde 3 upande wa pili unaweza kuwa foleni, na kwamba kusitisha utumaji wa picha kwa dakika mbili kunaweza kuirudisha sauti.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na orodha za mahitaji ya vituo vya afya huandaliwa miezi kadhaa kabla. Katika orodha hizo ombi la kuongezewa kasi halikosekani, wala halina kosa lolote. Kwa vituo vya Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na miteremko ya Mbinga, liongezwe ombi la pili chini yake, lenye mstari mmoja: muda wa kungoja katika foleni upimwe na usimamiwe, ili daktari wa Songea amsikie mkunga wakati bado kuna la kufanya.